Tiramisu ya Nyumbani: Tathmini ya Mascarpone, Savoiardi na Birika la Moka katika Jiko la Pwani

Mtu akiamua kutengeneza tiramisu nyumbani, sehemu kubwa ya kazi huimaliza dukani kabla hajaingia jikoni. Kitamu hiki cha Kiitaliano, chenye tabaka za biskuti zilizochovywa kwenye kahawa na tabaka za malai ya jibini na viini vya mayai, hakiokwi wala hakina unga wa kukanda, na kwa hiyo hakina mahali pa kuficha kiungo duni: jibini ikiwa imechacha, uchachu huo utaliwa, biskuti zikiwa laini, tabaka zitageuka uji, kahawa ikiwa nyepesi, kitakachobaki ni malai yenye sukari. Katika tathmini hii ninapima vitu vitatu ambavyo mpishi wa nyumbani hulazimika kuvinunua, yaani mascarpone, ambayo ni jibini laini ya krimu, biskuti za savoiardi na birika la moka, pamoja na kahawa inayopikwa ndani ya birika hilo, nikivitumia katika jiko la kawaida la Malindi ambamo joto na unyevunyevu wa bahari haviwezi kupuuzwa. Msimamo wangu niuseme mapema: mwenye fedha za kununulia kitu kimoja tu kilicho bora na azipeleke kwenye mascarpone.

Malindi ni mahali panapofaa kwa upimaji wa namna hii. Tangu Waitalia walipoanzisha kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco huko Ngomeni katika miaka ya 1960, na baadaye wageni na walowezi kutoka Italia walipozidi kumiminika Malindi na Watamu, bidhaa za kwao zimekuwa jambo la kawaida madukani. Wapishi wengi wa hapa waliofanya kazi kwenye hoteli na nyumba zao wanakijua kitamu hiki kwa mikono, na wapo wanaokitengeneza vizuri kuliko migahawa mingi ya mijini. Hata hivyo, kupatikana kwa bidhaa hakumaanishi kwamba zimefika zikiwa salama, na hilo ndilo lililonifanya niandike kwa kirefu.

Kipimo nilichokitumia ni mapishi ya Treviso, mji ulio kaskazini-mashariki mwa Italia, ambako mkahawa wa Le Beccherie, uliokuwa wa familia ya Campeol, unatajwa kuwa ndio ulioanza kukiandaa kitamu hiki mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa mikono ya Alba Campeol na mpishi wa vitamu Roberto Linguanotto. Majirani zao wa Friuli Venezia Giulia hawakubaliani nao, kwani wanazo hadithi zao za hoteli ya Tolmezzo na mkahawa wa Pieris, na mwaka 2017 wizara ya kilimo ya Italia iliiingiza tiramisu katika orodha ya vyakula vya jadi vya mkoa wao. Nimechagua mapishi ya Treviso kwa sababu yameandikwa bayana: mwaka 2010 yalisajiliwa kwa hati ya mwanasheria chini ya Accademia Italiana della Cucina, taasisi ya mapishi ya Italia, yakiwa na viini 12 vya mayai, nusu kilo ya sukari, kilo moja ya mascarpone, biskuti 60 za savoiardi, kahawa na unga wa kakao. Kwa familia ya kawaida nusu ya vipimo hivyo inatosha, na sukari inaweza kupunguzwa hadi gramu 120 bila kuharibu chochote. Gramu 250 za nusu ya kipimo cha asili, kwa kinywa changu, huifunika kahawa.

Msomaji azingatie kisichomo katika orodha hiyo. Hamna ute wa yai, hamna krimu ya kupigwa, na hamna pombe. Mapishi mengi yaliyoenea duniani huongeza mvinyo wa Marsala au ramu, na Waislamu wengi wa Pwani na wa Ghuba wameikwepa tiramisu kwa kudhani kwamba pombe ni nguzo yake. Si hivyo. Mwenye kuitengeneza bila tone la pombe hapunguzi kitu wala hahitaji ladha ya ramu ya chupa, ambayo mara nyingi nayo huwa na pombe ndani yake. Anafuata tu mapishi yaliyosajiliwa.

Sasa tuje kwenye mascarpone, ambayo ndiyo kiini cha jambo lote. Asili yake ni Lombardia, katika maeneo ya Lodi na Abbiategrasso, na ingawa inauzwa kwenye rafu ya jibini, haitengenezwi kama jibini nyingine. Krimu ya maziwa hupashwa hadi kati ya nyuzi 85 na 90 za Selsiasi, hutiwa asidi ya ndimu au ya zabibu, ikaganda taratibu, kisha huchujwa maji yake. Kwa kuwa kinachoigandisha ni asidi, haihitaji kimeng’enya cha tumbo la mnyama kinachotumika katika jibini nyingi, na kwa mtu anayejali uhalali wa chakula chake, au asiyekula nyama kabisa, hiyo ni habari njema. Mafuta yake hukaribia nusu ya uzito wote au hupungua kidogo, na ndiyo maana inayeyuka ulimini badala ya kutafunika.

Lebo ndiyo mahali pa kuanzia. Mascarpone nzuri huwa na orodha fupi mno ya viungo: krimu ya maziwa na asidi ya ndimu, ambayo mara nyingine huandikwa kwa namba yake ya E330, baadhi huongeza maziwa. Nikiona wanga, gamu au jelatini katika orodha hiyo ninalirudisha kopo kwenye rafu, kwanza kwa sababu jelatini isiyotajwa chanzo chake inaweza kutoka kwa nguruwe, na pili kwa sababu vitu hivyo huipa jibini uzito wa uongo: ikiwa baridi husimama vizuri, lakini ikikaa mezani nusu saa katika joto letu hutoa maji pembeni mwa bakuli.

Kati ya chapa zinazofika Pwani, Galbani ndiyo ninayoiona mara kwa mara, na kopo lake la gramu 500 linalingana sawasawa na nusu ya kipimo cha Treviso, hivyo hakibaki kitu cha kuharibikia kwenye friji. Ukilifungua kopo lililotunzwa vizuri, utakuta uso mweupe wenye umanjano kwa mbali, laini, usio na maji yaliyotuama juu yake. Kijiko kikiingia huacha shimo lenye kingo kali lisilojifukia. Ladha yake ni ya krimu tamu, na uchachu wa asidi hauhisiki ila mwishoni kabisa. Hivyo ndivyo mascarpone inavyopaswa kuwa, iwe ya chapa gani.

Tatizo ni safari. Kutoka kiwandani Italia hadi rafu ya duka la Pwani, kopo hupita bandari au uwanja wa ndege, ghala, gari na friji ya duka ambayo umeme wake hukatika. Niliwahi kununua mascarpone, duka na chapa sitavitaja, ambayo kwa kila dalili ilikuwa imegandishwa mahali fulani njiani kisha ikaachwa iyeyuke: chini kulikuwa na maji ya rangi ya manjano, na jibini yenyewe ilikuwa na chembechembe zilizoonekana waziwazi nilipoipaka kwenye ukingo wa kisu. Mascarpone ya namna hiyo haitengenezeki tena, hata ikipigwa kwa mashine. Kadiri unavyoipiga ndivyo inavyozidi kujitenga hadi ifanane na siagi iliyomwagiwa maji. Ushauri wangu ni kununua katika duka ambalo friji yake ina kipimajoto kinachosomeka, kuchukua kopo la ndani badala ya la mbele, kuliinamisha kidogo sikioni ili kusikia kama kuna maji yanayocheza ndani, na kwenda nalo nyumbani likiwa ndani ya mfuko wenye barafu.

Bei yake ni kubwa, na sioni haja ya kulificha hilo. Kwa nyumba nyingi, kopo moja la gramu 500 ni sehemu kubwa ya matumizi ya jikoni ya siku kadhaa. Ndiyo maana niliona ni haki kuipima pia ile ya kutengenezwa nyumbani, na matokeo yake yamenifurahisha sana. Krimu ya maziwa yenye mafuta ya asilimia 35 au zaidi hupashwa polepole ndani ya bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka, hadi kipimajoto kisome 85. Hutiwa maji ya ndimu yaliyochujwa, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja. Hukorogwa kwa utulivu kwa dakika chache hadi mgongo wa mwiko ufunikwe na tabaka zito. Kisha huachwa ipoe na kumiminwa ndani ya kitambaa safi cha pamba kilichotandazwa juu ya chujio. Bakuli zima huingia kwenye friji usiku kucha. Asubuhi hukutwa jibini nyeupe, nzito, yenye ladha ya maziwa iliyo hai zaidi kuliko ya kopo. Kasoro yake ni moja: haina uthabiti unaofanana kila mara, kwani krimu za madukani hutofautiana, na ikiwa laini kupita kiasi tiramisu itakatwa kwa kijiko, si kwa kisu. Kwa mlo wa nyumbani hilo halinisumbui. Kwa harusi au oda ya mteja ningenunua kopo.

Jibini ya kupaka mkate, ile inayouzwa kwa bei nafuu na kupendekezwa na wengi kama mbadala, siipendekezi hata kidogo. Ina chumvi na uchachu, na ingawa inaweza kutengenezewa kitamu kizuri cha aina nyingine, humo ndani kahawa na chumvi hugombana mpaka mwisho.

Kuhusu biskuti maelezo yatakuwa mafupi zaidi, ijapokuwa hukumu yake ni kali. Savoiardi ni biskuti ndefu zenye umbo la kidole, zilizotengenezwa kwa mayai yaliyopigwa, sukari na unga, na kunyunyiziwa sukari juu kabla ya kuokwa. Sheria ya Italia ya mwaka 2005 inataka biskuti inayoitwa savoiardo iwe na mayai yasiyopungua asilimia 26, na kiasi hicho kina kazi yake: povu la yai ndilo linaloacha matundu madogo ndani ya biskuti, na matundu hayo ndiyo yanayonyonya kahawa haraka bila ganda kubomoka. Biskuti ya bei rahisi yenye unga mwingi na mayai machache hufanya kinyume chake, kwa sababu ganda huloa kwanza na moyo hubaki mkavu.

Savoiardi za Vicenzi, kampuni ya Verona iliyoanza mwaka 1905, ndizo nilizozitumia zaidi, na sina malalamiko nazo. Zimekauka vizuri, zinavunjika kwa mlio, na urefu wake ni sawa kiasi kwamba safu hupangika kwenye chombo bila kukatakata vipande vingi. Pavesini, biskuti nyingine za Kiitaliano, ni nyembamba na nyepesi kuliko savoiardi. Waitalia wengi huzipenda kwa tiramisu ya vikombe vidogo, nami nakubaliana nao, ila zinataka mkono mwepesi sana kwa kuwa zikigusa kahawa tu tayari zimeshashiba. Keki laini ya vidole inayookwa na baadhi ya viwanda vya mikate hapa kwetu ni tamu kwa chai, lakini kwa kazi hii haifai mpaka ikatwe na kukaushwa kwenye oveni.

Adui wa savoiardi katika miji ya Pwani ni hewa yenyewe. Pakiti ikifunguliwa jioni ya masika, kufikia asubuhi biskuti zimelegea na hazitoi mlio tena. Dawa yake ni rahisi: zipangwe kwenye trei, ziingie katika oveni ya nyuzi 150 kwa dakika chache, kisha zipoe juu ya waya. Hurudi kuwa kavu, pengine kavu zaidi kuliko zilipotoka dukani. Ninalifanya hilo hata kwa pakiti mpya iliyokaa ghalani muda mrefu.

Birika la moka ni kifaa cha kupikia kahawa ambacho karibu kila nyumba ya Kiitaliano inacho, na Moka Express ya Bialetti ndiyo iliyoanzisha yote. Alfonso Bialetti alilitoa mwaka 1933 huko Crusinallo, Piemonte, likiwa la alumini na lenye pande nane, na umbo hilo halijabadilika sana hadi leo. Mwanawe Renato, aliyelifanya birika hilo lijulikane duniani kote, alipofariki mwaka 2016 majivu yake yaliwekwa ndani ya moka kubwa, jambo linaloonyesha kifaa hiki kina nafasi gani mioyoni mwa watu wake. Kwa tiramisu ninapendekeza lile la vikombe 6, ambalo hutoa takriban robo lita ya kahawa nzito kwa mpiko mmoja, kiasi kinachotosha au kukaribia kutosha kwa biskuti 30.

Namna linavyofanya kazi inaeleweka kwa kulitazama. Maji hutiwa katika chumba cha chini hadi usawa wa vali ndogo ya usalama, bila kuifunika. Kahawa iliyosagwa huwekwa kwenye kichujio na kusawazishwa kwa kidole bila kushindiliwa. Sehemu ya juu hufungwa kwa nguvu. Moto ukiwa mdogo, mvuke na hewa iliyopanuka husukuma maji ya moto yapande kupitia kahawa hadi chumba cha juu. Nguvu hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mashine ya espresso ya mkahawani, kwa hiyo asitarajie mtu povu zito la juu. Lakini tiramisu haihitaji povu. Inahitaji uzito na uchungu, navyo moka inavitoa vyote viwili. Kinachoamua ubora wake ni sekunde za mwisho: kahawa hutoka kwanza kama uzi mweusi, kisha hupauka na kuwa rangi ya asali, kisha birika huanza kukoroma. Mlio huo ukianza, birika litoke motoni mara moja, kwa sababu kinachokuja baada ya hapo ni mvuke uliounguza kahawa, na ladha hiyo ya kuungua haifichiki ndani ya mascarpone.

Kifaa hiki kina masharti yake. Alumini haitaki mashine ya kuoshea vyombo wala kusuguliwa kwa steelwuli. Maji ya moto na kitambaa vinatosha, na liachwe likauke likiwa wazi, maana likifungwa bichi hutoa harufu ya ukungu. Mpira wa ndani huchakaa na kutakiwa kubadilishwa, hivyo ni busara kununua mipira ya akiba siku hiyohiyo ya kununua birika. Moka ya alumini haifanyi kazi kwenye majiko ya induksheni. Juu ya meko ya gesi yenye vyuma vilivyoachana, birika dogo huyumba, na kijiwavu cha chuma cha kuwekea juu yake ni cha lazima kwa usalama. Kwenye jiko la makaa inawezekana, mradi makaa yawe yamefifia na kufunikwa na majivu. Makaa mekundu huyasukuma maji kwa kasi kupita kiasi, na kahawa hutoka chungu bila utamu wowote nyuma yake.

Nilitaka pia kujua kama kahawa ya dele, ile kahawa chungu inayouzwa barazani jioni, inaweza kuchukua nafasi ya moka, kwa sababu ni yetu na iko karibu. Jibu langu ni kwamba inaweza, kwa masharti mawili: isiwe na tangawizi wala iliki, na iachwe itulie kisha ichujwe kwa kitambaa, maana masimbi yake yakiingia kwenye biskuti husagika menoni. Uchungu wake unatosha. Uzito wake haufikii ule wa moka, na tabaka la chini la tiramisu hutoka limepauka kidogo. Kahawa ya unga ya papo kwa hapo, kwa upande mwingine, ina rangi bila harufu, na ninaiona kuwa ndiyo sababu kubwa ya watu wengi kuonja tiramisu ya nyumbani na kuiona ya kawaida.

Kuhusu kahawa yenyewe, Kenya ina arabika inayosifiwa duniani kwa uchangamfu wa asidi yake, lakini sifa hiyohiyo, ikiwa kahawa imekaangwa kidogo, huleta uchachu unaogombana na jibini. Chagua iliyokaangwa hadi iwe nyeusi kwa mbali. Waitalia wengi, hasa kusini, huchanganya arabika na robusta ili kupata uzito na uchungu, na Italia ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa robusta ya Uganda, jambo ambalo lina maana kwamba ladha nyingi tunazoziita za Kiitaliano zimeanzia kandokando ya Ziwa Viktoria. Mwenye kupata robusta safi ya Uganda au ya Kagera, akaichanganya na arabika ya Mlima Kenya au ya Kilimanjaro, theluthi moja kwa mbili, na kuisaga iwe nyembamba kuliko ya kuchemsha lakini isiwe vumbi, atapata kahawa ambayo kwa kitamu hiki haipitwi na pakiti yoyote ya kutoka ng’ambo. Ipoe kabisa kabla ya kutumika, wala isitiwe sukari.

Mayai si bidhaa niliyokusudia kuipima, ila siwezi kuyapita. Mapishi ya Treviso hutumia viini vibichi, na katika joto letu, ambapo yai linaweza kukaa juani gengeni siku nzima, hatari ya salmonela ni ya kweli, hasa kwa watoto, wajawazito na wazee. Viini na sukari vipigwe kwa mchapo ndani ya bakuli lililo juu ya mvuke, bila kuacha mkono hata kidogo, hadi kipimajoto kisome nyuzi 71; sukari huvizuia visigande mapema. Kisha bakuli liondolewe na kupigwa kuendelea mpaka mchanganyiko upoe na kuwa mzito wa rangi iliyopauka, kiasi kwamba ukidondoka kutoka kwenye mchapo huacha mchoro juu ya uso wake kabla ya kuzama. Mayai ya kienyeji yana kiini chenye rangi iliyokolea na huipa malai umanjano mzuri. Ya kisasa, yenye kiini kilichopauka, hayana kosa jingine lolote.

Mascarpone huchanganywa na viini hivyo vikiwa vimepoa kabisa, na hapa ndipo joto la Pwani linapodai heshima yake. Bakuli likae juu ya jingine lenye barafu, na mascarpone ilainishwe kwanza peke yake kwa mwiko, kisha viini viingizwe kwa mafungu kwa mkono wa kukunja. Mashine ya kupigia keki iachwe kando, kwani mizunguko michache ya ziada inatosha kuyatenga mafuta na maji.

Kuchovya kunataka umakini wa peke yake. Biskuti iingie kwenye kahawa, igeuzwe, itoke. Kuhesabu moja, mbili, kunatosha. Ukitaka uhakika, ivunje ya kwanza katikati: pembeni iwe imeshika rangi ya kahawa na katikati kubaki mstari mwembamba mweupe uliokauka. Mstari huo utajazwa na unyevu wa malai usiku huo ndani ya friji. Usipouona, chovya inayofuata kwa muda mfupi zaidi, kwa sababu kahawa iliyozidi haina pa kwenda ila chini ya chombo.

Kakao iwe chungu, isiyo na sukari, kwa hiyo unga wa chokoleti ya kunywa haufai. Tanzania inalima kakao nzuri huko Kyela, na unga wake ukipatikana umesagwa laini unatosha kabisa. Upepetwe kwa chujio dogo juu ya tabaka la mwisho wakati wa kuandaa tu. Ukipepetwa usiku hunyonya unyevu na kuwa matope meusi.

Chombo cha kioo chenye kina cha sentimita 6 au 7 ndicho ninachokipendelea, kwa kuwa tabaka huonekana na baridi hukaa ndani yake muda mrefu zaidi kuliko kwenye plastiki. Tiramisu iliyofunikwa vizuri inahitaji saa zisizopungua nne katika friji, na ya usiku mzima hukatika vizuri zaidi. Iliwe ndani ya siku mbili. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa na chombo kikapoteza ubaridi wake, isihifadhiwe tena hata kama harufu haijabadilika.

Kwa mwenye kuanza bila kifaa chochote, mpangilio wangu wa matumizi ni huu: mascarpone ya kopo iliyotunzwa vizuri, au krimu nzuri ya kuitengenezea nyumbani, kisha pakiti moja ya savoiardi halisi, kisha kahawa ya hapa iliyokaangwa vyema. Birika la moka linaweza kungoja mwezi mwingine, kwani dele la jirani litasaidia kwa sasa, lakini likishanunuliwa linatumika kila asubuhi kwa miaka mingi, na gharama yake kwa kila kikombe huwa ndogo sana.